Mafuta Yasiyokauka

S.L.P. 1147,
Wote, Makueni.
20 Agosti 2025.

Mpendwa Mjomba Musyimi,

Nakusalimu kutoka Wote, mahali ambapo baridi ya Julai imeondoka na upepo umetuachia vumbi hadi ndani ya sukari. Mgongo wako unaendeleaje? Ulisema unauma kwa sababu ya kuinamia picha za watu wa zamani mchana kutwa ukizisafisha. Natumaini umepata kiti kirefu kama ulivyoahidiwa pale kazini. Huko Ubelgiji naambiwa sasa ni kiangazi na jua linachelewa kuzama, kwa hiyo labda unapata muda wa kuchora zako.

Sisi hapa tu wazima. Mama anashona sare za shule tangu alfajiri kwa sababu tunafungua Jumatatu, na kila mzazi amekumbuka sketi wiki hii. Baba alienda Tseikuru kuangalia mbuzi na hajarudi. Mbaazi zimekubali mwaka huu. Mimi ninaendelea vizuri na masomo, nilikuwa wa nne muhula uliopita.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ya Mama husomwa na kila mtu humu ndani, na kikundi chetu cha familia kina watu thelathini na mmoja. Jambo hili nataka ulisome peke yako kwanza. Ukiwa na kazi mkononi, tafadhali iweke chini.

Najua ulitumiwa video ya ibada ya shukrani ya Susu, mama yako, lakini aliyeshika simu alikaa nyuma ya kwaya na nusu ya video ni kofia ya mama mmoja. Kwa hiyo nitakueleza kwa utaratibu.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe kumi, kanisani kwao Kibwezi. Susu alitimiza miaka themanini na mitano. Picha yake, ile binamu yangu Mbithe aliichora Aprili kwa vifaa ulivyomtumia, ilibebwa kwa pikapu pamoja na viti vya plastiki vya kukodi. Rangi ilikuwa bado inanata, Mjomba. Miezi mitatu na nusu, na bado ulikuwa ukiigusa inakushika kidole kama asali. Shangazi Mutanu alisema zawadi haiwezi kuingia kanisani ikiwa uchi, akaifunika kwa leso mpya. Mbithe aliweka vijiti kwenye pembe za fremu ili leso isiguse rangi, lakini njiani rundo la viti liliegemea picha, na hakuna aliyeangalia.

Mchungaji alimwita Susu mbele aifunue mwenyewe. Susu akavuta leso, haikuja. Akavuta tena kwa mikono miwili, na ikaja na uso wake.

Kwenye leso kulikuwa na macho mawili, pua na kipande cha kitambaa cha kichwa. Kwenye fremu kulibaki mdomo na tope. Mama mmoja wa kwaya akasema, si kwa sauti ndogo, "Hebu tazameni, Susu amehama." Watu wakacheka. Susu aliiangalia ile leso, akaikunjua vizuri, akasema, "Afadhali. Huku angalau nitafuliwa." Wakacheka zaidi, lakini sasa walicheka naye.

Mbithe hakucheka. Alisimama ameshika fremu kwa mikono miwili mpaka ibada ikaisha, na watu walipokuwa wakipita kwenda kwenye chakula, walimzunguka kama mti uliopandwa katikati ya njia.

Kwenye hema maneno yalikuwa mengi. Baba yake, Mjomba Kimeu, alisema ng'ambo wanatutumia vitu vilivyooza. Shangazi Mutanu alisema Mbithe ana haraka, tangu utotoni ana haraka, hata uji alikuwa akiunywa ukiwa wa moto. Mwingine alisema rangi ya nyumba ingetosha, mbona picha ya mtoto kwenye ukuta wa shule ya chekechea haijatoka hata siku moja?

Jioni ukatuma ujumbe wa sauti. Tuliusikiliza sote sebuleni kwa Mjomba Kimeu. Ulimwomba Mbithe msamaha. Ulisema labda mafuta uliyotia kwenye chupa yalikuwa yamezeeka, na kwamba ulikosea kumpa msichana wa shule vifaa vya kizamani kwa sababu tu wewe unavipenda. Ukasema utamtumia rangi za plastiki, zile zinazokauka kabla ya saa moja kwisha. Ukamalizia kwa kumwita mama, kama kawaida yako, "Pole sana, Mwaitu wangu."

Nataka nikuambie nilichosikia moyoni wakati huo, kwa sababu nimeamua kutoficha chochote kwenye barua hii. Sikusikia huruma kwanza. Nilisikia wivu. Hata siku hiyo, na Mbithe amekaa chini amefunika uso kwa sweta, nilihesabu kwamba ulimwita Mwaitu mara tatu, na mimi hukunitaja.

Mjomba, mafuta yako hayakuwa mabaya. Ni mimi niliyeyabadilisha.

Unakumbuka sanduku lilivyokuja. Rafiki yako alilileta mpaka Nairobi, dereva akalileta hapa kwetu Wote, na lilikaa chini ya meza ya cherehani ya Mama siku sita likingoja mtu wa kwenda Kibwezi. Juu uliandika kwa mkono wako jina la Mbithe. Nilikuwa nalipita nikienda kunywa maji, na nikirudi kutoka kunywa maji. Nilikunywa maji mengi wiki hiyo.

Nilijiuliza maswali ambayo labda wewe utasema si ya mtoto mwenye adabu. Nimekuandikia barua kumi na moja tangu darasa la nane. Mbithe hajakuandikia hata moja. Mimi ndiye niliyekuuliza kwa nini unachagua mafuta ya kitani na si rangi za dukani, ukanijibu kurasa tatu. Ulisema rangi za plastiki hukauka kabla mtu hajajua anataka kusema nini, lakini mafuta ya kitani hunywa hewa polepole mpaka yawe ngozi, na kwa muda wote huo unaweza kurudi kwenye shavu la mtu na kulirekebisha. Niliisoma barua hiyo mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ninajua kwa nini kitambaa lazima kipakwe gundi ya ngozi kabla ya rangi, ili mafuta yasikile. Ninajua rangi yenye mafuta mengi huwekwa juu ya ile yenye mafuta machache. Mbithe alikuwa hajui hata kitani ni nini. Alidhani ni kitanda.

Naye alichora kwa kalamu ya wino nyuma ya daftari la hesabu. Ni mimi niliyepiga picha mchoro wake wa Susu akichambua maharagwe, nikakutumia kwa simu ya Mama. Nilituma pamoja na wangu. Nilitegemea utasema wake ni mzuri, lakini wangu una utaratibu. Hukusema chochote juu ya utaratibu. Uliandika, "Huyu Mwaitu ameuona mkono wa mama yangu," na mwezi wa nne sanduku likaja.

Najua kwa nini unamwita Mwaitu. Ana jina la mama yako, na kwetu mwenye jina ndiye mwenyewe. Hata Mama humwambia, "Mwaitu, karibu, keti," na kumpa kiti chenye mto. Mimi nina jina la nyanya wa upande wa Baba, wa Tseikuru, aliyefariki kabla sijazaliwa, na hakuna mtu hapa Wote wa kuniita mama yake. Sikulaumu wewe wala yeyote kwa desturi hiyo. Nakueleza tu mahali wivu ulipokuwa umekaa, kwa sababu ulikaa hapo muda mrefu kabla ya sanduku.

Siku ya tano Mama alikwenda sokoni kununua vifungo. Nikafungua sanduku kwa wembe wa cherehani, polepole, ili nilifunge tena. Nikaviona vile vikopo vya unga wa rangi, kioo cha kusagia, brashi za nywele za nguruwe, na chupa ya mafuta ya kitani uliyoiandika mwenyewe. Nilifungua kifuniko nikanusa. Yananuka kama nyasi na kama samaki kidogo. Nilikuwa nimeyasoma miaka miwili na sikuwahi kuyanusa.

Nilimimina mafuta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi niliyokuwa nimeiosha. Nilikusudia kuchukua vijiko viwili. Nilichukua mpaka ikabaki kama vidole viwili tu. Kisha nikaogopa chupa nyepesi itajulikana, nikachukua mafuta ya mbarika, yale Susu hukamua na kumpa Mama ya kupaka nywele, nikajaza. Nikatikisa. Yalichanganyika yakawa mazuri kabisa kwa macho.

Na sasa nasema lile ambalo limenizuia kulala. Nilijua. Mwaka jana nilikuuliza kama naweza kusaga rangi kwa mafuta ya mbarika, kwa kuwa ndiyo tuliyo nayo nyumbani, na ukaniandikia, "Hapana, Ndinda. Mbarika ni nzuri kwa ngozi na kwa nywele, lakini haikauki. Mwaka mzima utapita na picha yako itakuwa bado inakamata nzi." Wewe ndiwe uliyenifundisha, na hicho ndicho nilichofanya na mafundisho yako. Nikijitetea nitasema nilitaka tu mafuta kwa ajili yangu. Lakini nilipokuwa nikitikisa ile chupa nilikumbuka maneno yako yote, hata nzi.

Mbithe hakuwa ameona mafuta ya kitani maishani mwake, kwa hiyo hakushangaa yalivyokuwa mazito. Alisaga na kuchora siku tisa. Mwezi huu tuliporudi nyumbani likizo nilikwenda Kibwezi, akanipokea kwenye lango na jambo la kwanza akaniambia, "Bado inanata. Wewe unayejua haya mambo, ni nini?" Nilimwambia labda ni baridi. Tukaiweka juani, ikakusanya vumbi na makapi ya mbaazi, akakaa akiyatoa moja moja kwa sindano. Nilimsaidia kuyatoa. Nilikuwa na siku nane za kusema, na niliendelea kutoa makapi.

Baada ya ibada ile, asubuhi ya Jumatatu, Mbithe alikuja nilipokuwa nafunga mkoba wangu kurudi Wote. Alikuwa amebeba sanduku lako. Akaliweka kitandani, akasema, "Chukua, Ndinda. Wewe ndiye unayeyasoma. Mimi mkono wangu umekataa." Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema, "Nimesema. Na usimwambie Baba Mdogo, atanionea huruma tena."

Nikachukua, Mjomba. Nililibeba mapajani mpaka Wote. Kitu nilichokitamani tangu Aprili kilikuwa changu, nimepewa kwa mikono miwili, na sikuweza hata kukifungua. Kiko chini ya kitanda changu, na usiku nasikia kana kwamba kuna mtu amelala huko.

Sasa kuhusu picha yangu. Ndani ya bahasha hii utaikuta. Nilichora muhula uliopita wikendi za mapumziko, kwa siri, kwa yale mafuta niliyoiba na kijiko kimoja cha unga wako mweupe, ambacho pia niliiba. Kila kitu kingine nilikitengeneza mwenyewe. Kitambaa ni marekani, ile pamba ngumu isiyotiwa rangi, kutoka kwenye mabaki ya Mama. Gundi nilichemsha kutokana na vipande vya ngozi ya mbuzi alivyonipa Mzee Yakub anayeshona viatu karibu na stendi. Alidhani ninataka kupikia mbwa supu. Rangi nyekundu ni udongo ambao Baba aliniletea kutoka Tseikuru kwenye mfuko wa unga, nikauosha mara saba na kuuchuja kwa soksi. Nyeusi ni makaa. Nilisaga juu ya kioo cha dirisha kwa chupa ya soda iliyojaa mchanga.

Imekauka. Naigusa kila asubuhi kwa kidole na kidole kinarudi kisafi. Kitambaa kilikaza kama ngoma, na udongo haujapasuka hata mahali pamoja. Nimeiviringisha rangi ikiwa nje, kama ulivyosema, ili isivunjike.

Ni picha ya Susu. Lakini ukiitazama utaona mwanamke yeyote mzee aliyefunga kitambaa. Nimeitazama sana ili niseme ukweli huu. Macho yapo mahali pake, pua ipo, kila kitu kipo. Ile leso ya kanisani, yenye macho yaliyong'oka na pua iliyopinda, Susu ameianika kwenye kamba ya nguo, na mtu akipita barabarani anasimama na kusema, "Si huyo ni Mbithe mzee?" Hata kazi yake ilipoharibiwa na mimi, Mbithe amenishinda. Nadhani hilo ndilo linaloniuma zaidi ya dhambi yenyewe, na najua sistahili kuliandika, lakini ndivyo lilivyo.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na ukikataa lolote nitaelewa.

Usimtumie Mbithe rangi za plastiki. Mkono wake haukukataa, uliwekewa mbarika. Yeye hurudi mara nyingi kwenye kitu kimoja, shavu moja alilirudia siku tatu, na rangi ya saa moja haitamngoja. Mtumie mafuta ya kitani mengine. Sanduku nitalirudisha kwake nikiwa na yaliyobaki kwenye chupa ya kikohozi, ambayo nimeyapima ni vijiko sita.

Pili, mwambie Mjomba Kimeu kwamba ng'ambo hakukuwa na kitu kilichooza. Au uniachie nimwambie mimi, ukiona ni bora. Ninaogopa, lakini nitasema.

Ombi la tatu nimelifuta mara mbili na kuliandika tena. Ukishaikasirikia barua hii kiasi cha kutosha, iangalie picha yangu kama unavyoangalia zile za watu wasiokuhusu pale kazini. Usiangalie uso. Angalia kitambaa, gundi na udongo, uniambie kama nimefanya sawasawa. Ulisema zamani palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kusaga rangi na kukaza kitambaa kwa ajili ya mchoraji, na kwamba bila wao hakuna picha ambayo ingefika kwetu. Wakati huo nilikuwa nimekasirika kidogo, nilidhani unaniambia niridhike. Sasa ningependa kujua zaidi.

Mama anakusalimu sana na kusema shati ulilotuma kipimo amelimaliza. Baba angekusalimu kama angekuwepo. Susu anasema usitume dawa ya magoti tena, ile ya kwanza anaitumia kupaka mbuzi na imewasaidia. Nisalimie shangazi na watoto, na yule mdogo umwambie kadi yake ya kuchora ndovu iko ukutani kwetu.

Kuna jambo moja tu limebaki. Mbithe anakuja hapa Ijumaa, atalala kwetu akielekea shuleni, na Jumamosi asubuhi Mama amemtuma posta. Nitampa bahasha hii aipeleke. Sijaifunga. Nitamwambia kwamba haijafungwa, na kwamba ndani kuna jambo linalomhusu kabla halijakuhusu wewe. Nimejaribu kusema kwa mdomo tangu kule Kibwezi na mdomo wangu haufai kitu, kwa maandishi ndiyo ninajiweza. Akiichana, hutaipata, na utaendelea kudhani mafuta yako yalizeeka, na mimi nitalazimika kutafuta mdomo. Lakini ikikufikia, ujue aliyelamba stempu ni yeye.

Mungu akulinde, aushike mgongo wako, na akupe subira na mimi.

Mpwa wako ambaye hakuacha kukupenda hata alipokosea,
Ndinda Muindi.


Baba Mdogo, hapa ni Mbithe. Nimesoma yote, nimesoma mara mbili. Usitume za plastiki. Tuma mafuta ya kitani, chupa mbili, na yangu uizibe kwa nta. Kitambaa chake ni kizuri kuliko kile ulichonitumia, hata mimi nimeona, nataka anikazie kimoja kikubwa cha kumchora Susu tena. Utamwambia wewe, mimi sisemi naye bado.